Wekundu Ulioshuka Chini

Wali ule ulikuwa mweupe. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia habari hii huniuliza kama ulinuka, kama uliteleza, kama ulibadilika rangi. Haukuwa na lolote. Ulikuwa mweupe, punje zimeachana, na jicho lake lilikuwa la kijani.

Lakini kabla ya wali kulikuwa na maziwa, na maziwa ndiyo yaliyonifunga mdomo.

Binti yangu Tausi alijifungua moyo wake umeshachoka. Daktari alimwambia wazi kwamba hautafika mbali, na yeye akaja kuniambia mimi kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. Tangu siku hiyo akawa anakamua. Mtoto, Mwanaidi, akishiba, yeye anakamua kilichobaki, anatia kwenye kifuko cha nailoni, anaandika juu yake kwa kalamu ya wino, kisha mimi napeleka kwenye ghala la baridi. Aliacha vifuko sabini na vitano.

"Kila siku aanze na yangu, mama," aliniambia. "Kimoja alfajiri. Baada ya hapo mpe hayo ya unga ya zahanati."

Basi nikawa nafanya hivyo. Ila wiki ya kwanza baada ya mazishi nilifungua kifuko, nikanusa, nikasikia sabuni. Si harufu ya kuchacha. Sabuni kabisa, ile ya mche ya kufulia. Nikafungua cha pili, sabuni. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akinusa chungu kabla hajatupa salamu, pua yangu naiamini. Nikamwaga vifuko kumi na viwili.

Wakati huo hapa Kondoa tulikuwa tumeacha kupika kila siku. Mvua zilikuwa zimetukimbia mwaka wa nne, maji yanakuja kwa zamu, kuni zimepigwa marufuku. Kila mtaa ulikuwa na jiko moja kubwa, na siku ya kupika ni mara mbili kwa mwezi. Siku hiyo nyumba zote mia mbili na kumi za mtaa wetu zinapika wali, maharage, mchicha, hata ugali unakatwa vipande, vyote vinaingia kwenye droo za ghala. Kila nyumba na droo yake. Kwa ufupi, sote tulikuwa watu wa viporo. Na kila bakuli, kila kifuko, kilibandikwa jicho, kidude kidogo kama punje ya dengu. Likiwaka kijani, kula. Likiwaka jekundu, kinachomwa moto, na mwenye kukificha ana kesi.

Watoto walifundishwa shuleni: usinuse, tazama jicho. Wala sisemi sheria ile ilitungwa na wajinga. Miaka ya nyuma watu wengi walikufa kwa kuamini pua zao.

Halfani, aliyekuwa akilinda ghala, aliposikia nimemwaga maziwa ya Tausi alikuja nyumbani mbio. Huyu Halfani mama yake alifia uzazini wiki ileile niliyojifungua Tausi, nikamnyonyesha mimi. Ziwa la kulia lake, la kushoto la Tausi. Kwa hiyo ni mwanangu, na Tausi ni dada yake, na hakuna sheikh atakayesema vinginevyo.

"Mama, umefanya nini?" alisema. "Yale yalikuwa mazima!"

"Yananuka sabuni."

"Ndiyo, yananuka. Maziwa ya wanawake wengine ndivyo yalivyo. Ndani yake kuna kitu kinachovunjavunja mafuta ili tumbo la mtoto lisipate kazi. Ukiyagandisha, kile kitu hakilali, kinaendelea kuvunja taratibu. Ndiyo hiyo harufu. Hayajaoza, mama. Jicho lilikuwa la kijani, si lilikuwa la kijani?"

Lilikuwa la kijani. Nilikuwa nimemnyima mjukuu wangu asubuhi kumi na mbili za mama yake.

Habari haikukaa. Kwenye foleni ya maji wanawake wakanibatiza Mama Sabuni. Mwanahamisi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyelipenda zaidi jina hilo. "Mama Sabuni, hebu ninusie ndoo yangu, isije ikawa na Omo!" Nilicheka nao. Ila tangu siku ile nikifungua kifuko nabana pumzi, natazama jicho tu.

* * *

Arobaini ya Tausi tuliisoma Jumamosi, lakini watu walianza kujaa kwangu tangu Ijumaa mchana. Mtaa mzima ulikuwa pale. Ruhusa ya kuni ilitoka kwa ajili ya kisomo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu watu kula pilau iliyotoka jikoni moja kwa moja. Halfani ndiye aliyekoroga masufuria yote mawili. Alilala kwangu, akaamka kwangu, akaondoka Jumapili alasiri. Kwa siku hizo mbili hakuna aliyekwenda kufungua droo. Kwa nini aende, na chakula kipo? Hata vifuko vya Mwanaidi vya siku hizo nilikuwa nimevichukua Ijumaa alfajiri, vimelala kwenye ndoo ya barafu.

Jumatatu asubuhi nikaenda ghalani kuchukua kifuko cha Mwanaidi na barafu zangu za kuuza.

Mimi nauza barafu za ubuyu. Naloweka ubuyu, naukamua, natia sukari na rangi, nafunga kwenye vifuko vyembamba, nalaza kwenye droo. Baridi ya ghala ni kali, inazishika kabla ubuyu haujatua, kwa hiyo barafu yangu ni nyekundu kutoka kichwa hadi mkia, na kifuko ni cha mviringo kama kidole. Asubuhi ile nilivuta droo nikaona vidole vyangu vimelala bapa. Nikainua kimoja kwenye mwanga. Juu maji meupe yaliyoganda. Chini, upande mmoja, mstari mwekundu mzito kama tope.

Nikainua cha pili, cha tatu. Vyote.

Barafu haiwi hivyo mpaka iyeyuke kabisa, ikae maji kwa muda mrefu, unga wa ubuyu ushuke wenyewe, kisha igande upya. Muuza barafu yeyote anajua. Watoto ndio wanaozipenda za namna hiyo, kwa sababu utamu wote unakaa mahali pamoja.

Macho yote kwenye droo yalikuwa kijani.

"Halfani, mwanangu, njoo uone."

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Umeme wenu ulilala siku ngapi?"

Aliitazama barafu mkononi mwangu. Hakuuliza namaanisha nini. Akaenda akafunga mlango wa ghala, akarudi, akakaa juu ya kreti.

"Fyuzi iliungua Ijumaa," alisema. "Sijui saa ngapi. Nimeikuta jana jioni. Simu inalia umeme ukikatika, lakini niliizima Ijumaa mchana, watu walipoanza kujaa kwako. Na baada ya kisomo nikasahau kuiwasha."

"Na haya macho?"

"Jicho halina betri, mama. Linakula umeme wa droo, na akiba yake ni ya masaa mawili tu, hata ukilitoa nje. Umeme ukikatika na akiba ikiisha linafumba, umeme ukirudi linafumbua. Likifumbua linapima baridi ya wakati ule, linaona sawa, linawaka kijani. Halijui kama lililala."

"Nani anajua, basi?"

"Mimi. Na sasa wewe."

Sheria ya ghala nilikuwa naijua kama kila mtu. Likikosa baridi zaidi ya masaa manne, kila kilichomo kinachomwa. Siku ya kupika ilikuwa mbali, siku kumi na mbili mbele. Nyumba mia mbili na kumi. Unga wa akiba kwenye maghala ya wilaya ulikuwa umekwisha tangu mfungo.

"Nimekula maharage ya droo ya juu jana usiku, kwa makusudi," Halfani alisema. "Bakuli zima. Si unaniona? Niko mzima. Mlango ulikuwa umefungwa, mama, ubaridi haukutoka wote. Labda yaliyeyuka tu kidogo."

"Halfani. Ubuyu umeshuka wote."

Akainamisha kichwa. Aliponyanyua, uso ulikuwa ule wa mtoto niliyekuwa nikimfuta kamasi. "Mama, nilikuwa wapi mimi? Nilikuwa baa? Nilikuwa nakoroga pilau ya dada yangu. Ukisema, watachoma chakula cha watu wote, halafu watanipeleka mimi. Na watu watakula nini?"

Nilisimama pale na kifuko kinanigandisha vidole. Sitakudanganya wewe unayesoma kwamba niliwaza njaa ya mtaa. Niliwaza kidogo tu. Niliwaza kwamba nimetoka kuzika mmoja wa hawa wawili, huyu wa pili simtoi. Na niliwaza foleni ya maji. Mama Sabuni sasa anatupimia chakula kwa ubuyu. Kwa ile pua niliaibika. Je, kwa hili?

"Hakuna atakayekula akafa," nilimwambia. Nani alinituma kusema vile? "Wanapasha moto wote. Moto unaua kila kitu."

Nikazoa barafu zangu zote ndani ya ndoo. Nikazimwaga kwenye mtaro nyuma ya ghala, jua likazimaliza. Ushahidi ulikuwa ule tu, na niliumwaga kwa mkono wangu.

Kisha nikachukua vifuko vya Tausi vilivyobaki. Ishirini na vitatu.

* * *

Nyumbani nilivipanga kwenye beseni uani. Vyote macho ya kijani, vinanitazama. Mwanaidi alikuwa mgongoni analia, asubuhi yake ilikuwa imechelewa.

Tausi alikuwa na tabia ya kuandika zaidi ya tarehe. Kimoja kilisema, *Jumanne, amelala na ngumi mdomoni.* Kingine, *Manyunyu yamepita leo, nimeyasikia kwenye bati.* Kingine, *Mama, hiki kizito, mpe akiwa na njaa sana.* Nilivisoma vyote. Kuna kimoja nilikifungua, nikakiweka mdomoni mwa mtoto, nikakitoa. Nikakiweka tena, nikakitoa.

Hakuna kilichonihakikishia kwamba yameharibika. Yalinuka sabuni, kama siku zote. Kama ningeuliza jicho, lingesema mpe. Mwanangu Halfani angesema mpe. Lakini mikono yangu ilikuwa imeona ule mstari mwekundu, na kwa mtoto wa miezi minne sikuweza kujidanganya.

Nikamwaga kimoja kimoja. Maziwa yaliingia kwenye mchanga na mchanga haukuacha alama. Vifuko nikaviosha, nikavianika kwenye kamba, kwa ajili ya mwandiko.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo ninapotaka usimame. Ya mjukuu wangu nilimwaga. Kwa hiyo nilikuwa najua. Mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mwanahamisi alichungulia juu ya ukuta. "Mama Tausi, mbona leo kamba yako ina nguo za ajabu?"

"Vifuko tu. Nimemaliza maziwa."

Hapo hakutania. "Pole, dada. Yameisha kweli. Mungu amkuze huyo mtoto."

Chausiku, bintiye wa miaka saba, akapenyeza kichwa chini ya kwapa lake. "Shikamoo bibi. Barafu."

"Marahaba mjukuu. Leo hakuna."

"Hata moja? Hata ile mbovu, yenye wekundu chini?"

Nilimwangalia mtoto yule. Pengo la meno mawili mbele, mkono umenyooshwa na kiganja tayari kimekunjwa kama kimeshika kitu.

"Hakuna," nilisema. Kisha nikamgeukia mama yake, nikasema nikijifanya nafuta beseni: "Mwanahamisi, leo mnakula nini?"

"Wali. Nimeutoa droo asubuhi. Kwani?"

"Uchemshe sana. Usipashe tu ukaacha. Uchemshe mpaka uchoke."

"Eh! Mama Sabuni ameamka!" Akacheka, lakini aliona sicheki. "Mbona? Jicho la kijani hili hapa, kijani ya nyasi. Umesikia nini?"

Hapo ndipo. Neno moja lilitosha. Lilikuwa mdomoni, limefika kwenye meno.

"Sijasikia kitu," nilisema. "Ni uzee. Wewe chemsha tu."

"Haya, mama mkwe," alisema kwa utani, kisha kwa upole, "nitachemsha." Na alichemsha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nilisikia sufuria ikinguruma muda mrefu, nikasikia harufu ya ukoko unaoungua. Mwanahamisi hakuwa mtu wa kunibishia kwa jambo la jikoni. Nikajiambia, basi, imekwisha. Moto umefanya kazi yangu.

* * *

Chausiku alianza kutapika kabla ya adhuhuri. Jioni akatulia, wakasema ni joto. Jumanne kutwa analala, ukimwamsha anakujibu maneno ya kando. Jumatano macho yake yalikuwa ya njano.

Mtaani kulikuwa na wengine waliotapika, watu arobaini na kitu, wakubwa kwa wadogo, na wote walipona baada ya siku moja. Kila mmoja alidhani ni lake peke yake. Jicho lilikuwa la kijani, nani angelaumu chakula?

Nilimkuta Mwanahamisi kwenye benchi la zahanati, kanga moja kichwani, nyingine ameikumbatia kama ndiyo mtoto. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa amechuchumaa mbele yake ili asizungumze naye akiwa juu.

"Ni sumu ya kwenye wali, mama," alisema. "Wali ukipikwa kuna mbegu za vijidudu zinazobaki hai. Wali ukikaa kwenye joto, zinaamka, zinatoa sumu. Haina harufu, haina ladha. Kwa watu wengi inapita kwa kutapika. Kwa wachache, hasa watoto, inashika ini."

"Lakini niliuchemsha, daktari."

"Ukichemsha, vijidudu vinakufa. Sumu iliyokwisha kutoka haifi. Ungeichemsha kutwa nzima, ingebaki. Hata barafu haiiondoi, inailaza tu." Akavua miwani. "Ila hiki ndicho kinachonishangaza. Wali wako ulikuwa ghalani. Ulipata wapi joto?"

"Niliuchemsha," Mwanahamisi alirudia. "Niliuchemsha mpaka ukashika chini. Mama Tausi aliniambia."

Nikaona likimjia. Lilikuja polepole, kama mtu anayesoma barua neno kwa neno. Akageuza uso akanitazama, na hakukuwa na hasira, hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa anauliza tu.

"Mama Tausi. Kwa nini uliniambia nichemshe?"

Daktari naye akanitazama. Mwanaidi mgongoni alikuwa akichezea sikio langu, mzima, ameshiba.

Nikasema. Nilisema yote, fyuzi, simu, ubuyu, mtaro, vifuko ishirini na vitatu. Nilisema kwa sauti, pale kwenye benchi, watu wanasikia. Ilichukua muda mfupi sana. Ningeweza kuyasema Jumatatu juu ya ukuta kabla sufuria haijawekwa motoni, na yangechukua muda uleule.

Mwanahamisi alisikiliza mpaka mwisho. "Ya kwako ukamwaga," alisema.

"Nikamwaga."

Akarudisha uso wake kwenye mlango wa wodi.

Chausiku alifariki Alhamisi, saa tatu asubuhi.

* * *

Chakula chote cha ghala kilichomwa siku ileile. Moshi wa wali na maharage ya nyumba mia mbili na kumi ulikaa juu ya mji mpaka Ijumaa, na unanukia, hilo ndilo baya, watu walikuwa na njaa na moshi unanukia. Hatukufa njaa. Mitaa mingine walituletea, sahani hii na ile, mpaka siku ya kupika. Kile nilichokiogopa kilikuja, nacho kilibebeka.

Halfani alikwenda kituoni mwenyewe, hakusubiri kufuatwa. Nampelekea chakula. Macho mapya yana betri ndani, wanasema hayalali. Labda. Nimeyaona, ni ya kijani kama yale ya mwanzo.

Mimi nimeishia darasa la saba, sitakufundisha sayansi. Nakuambia tu nilichokiona. Pua ilinidanganya kwenye maziwa mazima. Jicho lilidanganya mtaa mzima. Moto, niliouamini kuliko vyote, haukusaidia kitu. Kilichosema kweli ni ubuyu, na ubuyu hauna mdomo, unamtegemea anayeuona aseme. Ukiona, sema. Sema hata ukichekwa, hata kama aliyekosea umemnyonyesha wewe. Usimpe mwenzio nusu ya habari ukaiita ushauri.

Siku hizi kila siku ya kupika natengeneza barafu mia mbili na kumi, siziuzi. Naweka moja kwenye kila droo, juu kabisa ya chakula. Wanawake wakifungua wanatazama ubuyu kwanza, halafu jicho. Hakuna anayeniita Mama Sabuni tena, na natamani waniite.

Droo ya Mwanahamisi naiwekea barafu mwisho. Miezi saba hakunisemesha. Juzi nilimkuta amesimama mbele yake, ameishika ile barafu kwenye mwanga, anaizungusha. Ilikuwa nyekundu kote, kutoka kichwa hadi mkia.

"Iko sawa, Mama Tausi," alisema.

"Ahsante, Mama Chausiku."

Bado tunaitana hivyo. Akairudisha ndani ya droo taratibu, ameikunjia kiganja, kama anavyorudishwa mtoto kitandani, akafunga.